Heshima ya Diski Mzee

Programu ninayoitunza inaitwa Pacha, na kama hujawahi kuisikia basi ninafanya kazi yangu vizuri. Kazi yake ni kuandika jambo moja kwenye diski mbili au tatu kwa pamoja, ili moja ikifa nyingine ziendelee kusema yale yale. Inakaa juu ya Linux na chini ya kila kitu kingine, mahali ambapo hakuna anayechungulia mpaka mambo yaharibike. Hapo ndipo watu hunikumbuka, tena kwa ukali.

Nimeitunza miaka kumi na tisa. Tulianza watu wanne. Mmoja alipata kazi nzuri zaidi, mmoja alichoka, mmoja alifariki, nikabaki mimi, Mwanahawa Shekiondo, umri wa miaka hamsini na minne, macho mabovu, na ofisi sitini na tatu zinazonitumia malalamiko. Sijaolewa. Nyumbani kulikuwa na mimi na paka ambaye hata si wangu.

Jumatatu ile karani wa dirishani alikuwa anaumwa jino, nikaambiwa nimshikie. Sikupenda. Dirisha la Ofisi ya Zamu ya Kwembago, mji wa mlimani, ndipo watu wa bondeni wanapokuja kuuliza watapanda lini, na jibu karibu kila mara ni baya. Mlima una nafasi chache, bonde lina watu wengi, na joto la bondeni siku hizi linafika nyuzi arobaini na saba. Kila mwaka kaya arobaini hupandishwa kabla ya msimu wa joto, kwa kufuata namba. Mwaka huu orodha ingefungwa Ijumaa.

Mtu wa tatu kwenye foleni alikuwa mzee mwembamba aliyevaa shati jepesi la mikono mifupi. Alikuwa anatetemeka. Watu wa bondeni unawajua kwa mashati.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mama. Yule karani yuko wapi?"

"Anaumwa. Leo utavumilia na mimi."

"Basi itabidi nieleze upya." Hakulalamika, alisema kama mtu anayeambiwa apande tena ngazi aliyokwisha kuishuka. "Naitwa Ombeni Kiluvia, natoka Mombo. Huu ni mwaka wa sita nakuja."

Niliandika jina lake. Kioo cha kompyuta kikaonyesha 2,306. Kwa kaya arobaini kwa mwaka, mzee huyu angepanda akiwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja na ishirini.

"Mzee, namba yako ni elfu mbili mia tatu na sita."

"Najua. Kila mwaka inasema hivyo. Na kila mwaka mimi naonyesha hii."

Alipitisha karatasi chini ya dirisha. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Ilichapwa miaka kumi na moja iliyopita, siku ya Ijumaa, na namba iliyokuwapo ilikuwa 190.

"Mfumo haukosei, baba," nikasema. Sikufikiri. Ni sentensi ninayoitoa kama mtu anavyotoa pole.

"Sijasema umekosea. Nauliza tu hii karatasi ilitoka wapi." Akasogea karibu na dirisha. "Mke wangu figo zake zimechoka. Ni joto. Daktari amesema msimu unaokuja hatauvuka. Mimi ningesubiri, mama. Yeye ndiye hawezi."

Nilikuwa nimekwisha kuirudisha karatasi nusu ya njia ndipo nikaona alama zilizo chini kabisa. Ni herufi na tarakimu kumi na mbili ambazo Pacha huzitengeneza kutokana na maandishi yenyewe, na ukibadilisha hata nukta moja zote hubadilika. Hakuna mtu anayeweza kuzibuni. Niliingiza maandishi ya karatasi ile kwenye kioo, nikaiambia programu ihesabu. Zilitoka zile zile kumi na mbili, moja baada ya nyingine.

Karatasi ilikuwa halali. Namba 190 iliwahi kuwa kweli, na zamu yake ilifika miaka sita iliyopita.

"Mzee Kiluvia," nikasema, "naomba unipe mpaka keshokutwa."

"Miaka sita," akasema. "Keshokutwa si neno."

*

Chumba cha diski kiko nyuma ya jengo na anayekishika ni Rajabu Shemweta, mtu wa miaka arobaini hivi, msafi kupita kiasi, ambaye huvua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyewahi kumwambia avue. Kila diski iliyokwisha kustaafu ameiweka kwenye rafu na kuifungia karatasi yenye tarehe. Mkurugenzi alimwambia mara mbili azitupe. Shemweta aliitikia ndiyo mara mbili.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Rajabu, Ijumaa fulani miaka kumi na moja iliyopita kulikuwa na marekebisho ya orodha. Una diski yoyote ya wiki ile?"

Hakuuliza kwa nini. Alipita na kidole kwenye rafu, akaitoa moja. "Hii niliitoa Jumamosi yake. Ilikuwa ya tatu. Ilikuwa inapata joto, nikaogopa isije ikaungua. Nyingine ilikuja Jumanne."

Tuliiunganisha kwenye mashine ya pembeni. Ilinguruma kidogo, ikakubali kusomwa. Nikakitafuta kipande chenye jina la Kiluvia. Orodha imegawanywa katika vipande, kila kimoja majina mia moja ishirini na nane, kwa mpangilio wa kuandikishwa na si wa namba. Kwenye diski ile ya rafuni Kiluvia alikuwa wa 190. Kwenye diski zote zilizokuwa zikifanya kazi alikuwa wa 2,306.

Nikafungua kumbukumbu za Pacha za wiki ile, na baada ya saa moja nilikuwa na hadithi nzima, na nilitamani nisingekuwa nayo. Ijumaa ile madaktari waliingiza alama za wagonjwa na namba zikabadilika. Diski tatu zilipokea agizo la kuandika, zote zikajibu kwamba zimeandika. Mbili zilikuwa zimeandika kweli. Ile iliyokaa nafasi ya kwanza ilikuwa imezeeka, ikajibu ndiyo bila kuandika kitu. Diski zikichoka hufanya hivyo. Jumamosi Shemweta akaitoa ya tatu, zikabaki mbili. Jumapili Pacha ikafanya ukaguzi wake wa kila wiki, ikakuta diski mbili zinasema mambo mawili tofauti, ikaamua.

Nilijua ilivyoamua, kwa sababu mstari ule niliuandika mimi. Niliufungua hata hivyo, niuone kwa macho. Juu yake kulikuwa na maelezo yangu ya miaka kumi na tisa iliyopita: *Zikitofautiana, chukua ya kwanza. Tutarudi hapa.*

Hatukurudi. Tulikuwa na haraka, na nilidhani nafasi ya kwanza ni nafasi tu, kwamba diski itakayokaa hapo ni yoyote, na kwamba kukosea kutakuwa nadra na kwa bahati. Pacha ilichukua namba za zamani kutoka kwenye diski iliyochoka, ikazinakili juu ya zile sahihi, kisha ikaandika neno moja kwenye ripoti: Sawa. Neno hilo nalo nililichagua mimi. Idadi ya masahihisho niliificha ndani kwa sababu ilikuwa inawatia watu wasiwasi. Barua kwa wananchi zilitumwa Jumatano iliyofuata zikiwa na namba za zamani. Kiluvia peke yake alikuwa amepanda mlima Ijumaa ile ile akachapiwa karatasi yake.

"Rajabu, diski mpya zikija unazipangaje?"

"Kama kawaida, dada."

"Kawaida ipi?"

Alinitazama kama nimemuuliza anakulaje. "Mzee anakaa juu. Nafasi ya kwanza ni yake. Mpya inaanzia chini, na mzee akifa anayemfuatia anapanda. Nitamwekaje mgeni wa jana juu ya aliyetumika miaka minane? Hata kwenye ofisi nyingine ni hivyo hivyo. Nilifundishwa hivyo, na mimi nimewafundisha wengi."

Niliketi kwenye ngazi ya chumba kile. Kwa hiyo haikuwa bahati. Kwa miaka kumi na tisa, katika ofisi sitini na tatu, watu wenye adabu zao walikuwa wakiiweka diski iliyochakaa zaidi mahali ambapo mimi nilikuwa nimeiambia programu itafute ukweli. Wala sikuwahi kuandika kwenye kitabu cha maelekezo kwamba nafasi ile ina maana yoyote. Kila Jumapili kosa la mzee lilikuwa linanakiliwa kwa vijana, na mimi naandika Sawa.

"Nimefanya kosa gani?" akauliza Shemweta. Miguu yake ilikuwa mitupu juu ya saruji baridi, nikamhurumia.

"Wewe ulikuwa unaonyesha heshima. Kosa ni langu."

Alinyoosha kidole kwenye kioo, kwenye kipande kile kile, mistari michache chini ya Kiluvia. "Dada, huyu si wewe?"

Nilikuwa mimi. Kwenye orodha ya zamani, iliyobaki, nilikuwa wa 212, na kwa namba hiyo nilipanda Kwembago miaka mitano iliyopita, nikapewa nyumba ya vyumba viwili na mablanketi mawili ya sufu ambayo ofisi huwapa wageni. Kwenye orodha ya kweli, baada ya wagonjwa kutangulizwa, nilikuwa wa 1,874.

*

Mkurugenzi wetu, Bwana Mndeme, si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Umemwambia nani?"

"Rajabu anajua."

"Sawa. Sasa nisikilize, Bi Mwanahawa. Ukitoa tangazo kwamba orodha ina kasoro, sheria inanilazimisha niifunge mpaka ikaguliwe yote. Unajua ukaguzi wetu. Mwaka mmoja ukiwa na bahati, miwili ukiwa huna. Kaya arobaini zimekwisha kufunga mizigo. Hakuna atakayepanda, hata huyo mzee wako."

"Na nisipotoa?"

"Mrudishie namba yake. Una uwezo wa kuingia, ingia. Atapanda wiki ijayo, mke wake atapona. Rekebisha programu yako, na kwenye sasisho andika unavyoandika siku zote, marekebisho madogo. Kuanzia hapo hakuna atakayeumia tena."

"Na hao mia moja ishirini na sita wengine wa kipande kile? Na vipande vingine? Na ofisi nyingine? Rajabu amehesabu, hapa kwetu tu Pacha imesahihisha mara mia nne na sita. Sijui ngapi zilikuwa sahihi."

"Hujui," akasema. "Hata wao hawajui. Ndiyo nasema."

Nilirudi mezani kwangu. Ningependa kusema nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa nimechoka tu. Niliandika taarifa mbili za sasisho. Ya kwanza ilikuwa na maneno mawili, marekebisho madogo, na nilikuwa nimeyaandika mara nyingi sana hivi kwamba vidole viliyamaliza kabla sijafikiri. Kuirekebisha programu yenyewe kulinichukua dakika ishirini. Miaka kumi na tisa, dakika ishirini. Niliufuta mstari wangu wa zamani nikaandika mpya: *Zikitofautiana, simama. Mwite mtu.*

Taarifa ya pili niliianza hivi: *Pacha imekuwa ikifuta maandishi sahihi kwa miaka kumi na tisa. Kosa ni langu. Msiziamini namba zenu mpaka mzikague.* Nikaendelea ukurasa mzima, nikaeleza kuhusu nafasi ya kwanza na diski wazee, na jinsi ya kuzitafuta zilizostaafu kama kuna aliyezihifadhi.

Zote mbili zilikuwa mbele yangu. Nikiituma ya kwanza, mwanamke mmoja angepona, na watu nisiowajua wangeendelea kungoja zamu iliyokwisha kuwapita, bila hata kujua kwamba kuna kitu cha kudai. Nikiituma ya pili, wangejua, na mwanamke mmoja angekufa Mombo akiwa na karatasi halali ya namba 190. Niliigeuza huku na huku. Nilijaribu kujiambia kwamba mmoja ninayemjua ana uzito kuliko wengi nisiowajua, nikaamini kwa muda. Kisha nikakumbuka kwamba hata mwanzoni niliamua hivyo hivyo, kwa kuchukua kilicho karibu na kuandika Sawa.

Jioni nilifunika miguu kwa blanketi, nikashindwa kulivumilia. Nikatoka kitandani, nikaanza kusoma kanuni za Ofisi ya Zamu, kitabu ambacho naamini hata Mndeme hajakimaliza. Kifungu cha thelathini na moja kilikuwa cha mistari mitatu. Kinasema kaya iliyokwisha kupanda inaweza kuipisha kaya nyingine, ikashuka yenyewe na kuiachia nyumba, bila kugusa orodha. Kimetumika mara mbili tangu mji uanze.

Bila kugusa orodha maana yake hata orodha ikiwa imefungwa. Nilisoma mara tatu, nikatamani nisiwe nimekiona.

*

Jumatano Kiluvia alirudi, na shati lile lile. Nilimweleza kila kitu kwenye benchi la nje, pamoja na ule mstari, na kwamba kwa haki yeye ndiye angekuwa anaishi mtaa wangu. Alisikiliza akitazama viatu vyake.

"Kwa hiyo ulikuwa unakaa kwenye zamu ya mtu," akasema.

"Ndiyo."

"Na ulijua?"

"Jumatatu ndiyo nimejua."

"Mimi nimejua kwa miaka sita kwamba kuna mtu," akasema. "Sikujua ni nani tu." Hakusema kwa ukali, na afadhali angesema kwa ukali.

Nikampa fomu. Aliisoma polepole, akafika kwenye jina langu, akainua macho. "Unatupisha."

"Ndiyo."

"Utakwenda wapi?"

"Nilifikiri Mombo. Nyumba yako itakuwa wazi."

Alitafakari. Nilitegemea akatae kidogo, kwa adabu, kama watu wanavyokataa kwanza. Hakukataa. Alichukua kalamu akatia saini, kisha akaniambia bomba la uani linatoa maji alfajiri tu, na kwamba dirisha la mashariki lisifunguliwe baada ya saa mbili.

Shemweta alitia saini ya shahidi. "Dada, huko utaungua."

"Nimeishi huko miaka arobaini na tisa."

"Ulikuwa kijana."

"Rajabu, zipange upya diski. Mpya ikae popote. Na zile za rafuni, mtu akikwambia uzitupe, endelea kuitikia ndiyo."

Kisha nikaituma taarifa ya pili kwa ofisi zote sitini na tatu. Wala sikufanya kwa wema. Watu wameniambia ni wema, nimewaacha waseme. Nilifanya kwa sababu nilikuwa nimechoka kuandika neno Sawa mahali pasipo sawa, na kwa sababu ya lile blanketi.

*

Orodha ilifungwa Alhamisi, siku moja kabla ya tarehe yake, ingoje ukaguzi. Kaya arobaini zilifungua mizigo. Mama mmoja wa Mazinde alinipigia simu akaniambia amekwisha kuuza kuku wake wote na kuaga majirani, na sasa anawatazamaje. Hakutukana. Aliuliza tu. Mndeme amenipeleka kwenye kamati ya nidhamu. Ofisi tisa zimeacha kutumia Pacha. Nyingine zinaniandikia kila siku kwamba imesimama na kuita mtu, na wanataka kujua mtu huyo ni nani. Nawajibu kwamba ni wao. Hospitali moja imekuta diski ya zamani kabatini, nikakaa nao siku nne kwenye simu tukilinganisha kipande kwa kipande.

Naandika haya Mombo. Nyumba ya Kiluvia ina vyumba viwili, bati lake hulia kwa joto mchana, na nafanya kazi kuanzia alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, maana baada ya hapo mashine inazidiwa na joto na mimi pia. Ukutani wameacha kalenda, na kila mwaka katika mwezi wa kupandisha kaya kuna duara moja la kalamu. Ni maduara sita, kurasa sita zilizochanwa na kubandikwa pamoja. Sijazitoa.

Juzi simu iliita, saa nne asubuhi, nikiwa nimelala sakafuni kwa sababu sakafu ndiyo yenye nafuu. Alikuwa Kiluvia. Tulisalimiana, akaniambia paka amekataa kuondoka, na kwamba mkewe, Mama Hilda, anakunywa uji.

"Mama Hilda anasema anasikia baridi," akasema. "Miaka minane sijamsikia akisema hivyo." Nilisikia sauti ya mwanamke nyuma yake, dhaifu, inasema jambo. "Anauliza mablanketi umeyaweka wapi."

"Sandukuni, chini ya kitanda," nikamwambia. "Yapo mawili. Mfunike yote."